Ukurasa wa Kupima na Saa ya Mzee Masanja

Vijana mliorithi kiti changu pale maktaba ya chuo, kwanza niwape pole. Kile kiti kina mguu mmoja mfupi, na kwa miaka yote niliyokikalia nilikiwekea kipande cha boksi chini. Msikitupe kile kipande mkidhani ni taka. Pili niwashukuru, kwa sababu siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, nami nikacheka nikasema nitaandika nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo. Niko hapa Mhunze, pamba imeshatoka shambani, ng'ombe wana mtu wa kuwachunga, na mama Kulwa amechoka kuniona nikizunguka uani nikitafuta kitu cha kutengeneza. Ameniambia niende nikaandike, na mimi nimetii.

Kwa wale ambao hawajaizoea bado, kazi yenyewe ni hii. Chuo chetu cha afya pale Shinyanga kina ruhusa ya kusoma majarida ya kitaaluma kwenye tovuti za wachapishaji wa nje. Ni majarida ambamo madaktari na watafiti huandika walichokigundua, na mengi yamefungwa. Ukienda bila ruhusa unaonyeshwa kichwa cha makala na aya moja ya kuonjesha, kisha unaambiwa rudi ulikotoka. Sisi ruhusa tunayo, lakini kuwa na ruhusa na kuingia ndani ni mambo mawili tofauti kabisa. Mwanafunzi anakaa, anabofya, anaambiwa hana haki ya kuona ukurasa huu, kisha anakuja mezani kwako amenuna kana kwamba wewe ndiye uliyemnyima. Kazi yako ni kujua ni kitu gani kati yake na yule mchapishaji kimeziba njia.

Nilipoanza hapakuwa na chombo cha kupimia, tulikuwa tunabahatisha tu. Funga kivinjari, fungua tena. Zima mashine, washa tena. Hamia kompyuta ile ya dirishani, ile ina bahati. Na kabla hata ya hapo majarida yalikuja kwa posta, boksi zima la sidii, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuzifuta vumbi kwa kitambaa laini. Msinicheke. Zile sidii hazikuwahi kumwuliza mtu neno la siri.

Kisha ukaja ukurasa wa kupima. Uliandaliwa na watu wa maktaba huko mbali, nadhani walikuwa wamechoka kama sisi. Unaufungua kwenye kivinjari kile kile kinachokusumbua, unasubiri kidogo, kisha unakupangia mistari. Mstari wa kijani maana yake hapa pako sawa, mwekundu maana yake tazama hapa. Unapima kama kivinjari kinakubali vidakuzi, yaani zile alama ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye mashine yako ili ikukumbuke ukirudi. Unapima kama kivinjari kimezeeka kupita kiasi. Unapima mtandao wako unaonekana unatokea wapi, na saa ya mashine yako inasemaje. Mwisho unakwenda kugonga kwa kila mchapishaji na kukuletea habari ni nani kaitika na nani kanyamaza.

Nilivyoupenda ule ukurasa, mama Kulwa aliwahi kuniuliza kama una mume.

Mkuu wetu wa maktaba wakati huo alikuwa Mama Milembe, mwanamke mtulivu sana ambaye sauti yake ilipungua kadiri alivyokasirika. Akifikia kunong'ona, ujue umekwisha. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na somo lake kubwa halikuhusu kompyuta. Siku zangu za mwanzo, mwanafunzi akija na shida, nilikuwa namsogeza, nakaa mimi, narusha vidole kwenye kibodi, nasema tayari. Anaondoka anashukuru, kesho yake yuko pale pale na shida ile ile. Mama Milembe akanivumilia kwa muda, kisha akanong'ona.

"Baba Kulwa, mikono yako iweke mgongoni."

"Mgongoni, Mama?"

"Mgongoni. Mwambie akuonyeshe anavyofanya akiwa peke yake. Wewe tazama. Shida haiko kwenye mashine, iko kwenye njia yake ya kuiendea."

Niliona ananionea. Fundi gani anaweka mikono mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo? Lakini nilifanya, na ndani ya wiki ile nilimwona mmoja anaandika anwani ya tovuti kwenye sehemu ya neno la siri, na mwingine anafunga dirisha la kuingilia kila linapojitokeza kwa sababu kaka yake alimwambia madirisha yote yanayojitokeza yenyewe ni ya matapeli. Nisingeyajua hayo kwa kukaa kwenye kiti chao.

Jambo jingine la mkononi, kabla sijasahau. Msiwe wepesi wa kumwambia mtu afute kila kitu kwenye kivinjari chake. Najua inafanya kazi. Lakini kulikuwa na mhadhiri wetu mmoja, mtu mzuri, aliyekuwa amekiachia kivinjari maneno yake yote ya siri kimtunzie, hata moja hakulikumbuka kichwani. Nikamwambia kwa simu, futa vyote mwalimu, utaona. Akafuta, na kweli jarida likafunguka. Barua pepe, benki, tovuti ya mitihani, vyote vikajifunga. Alinipigia tena akiwa mpole mno. Tangu hapo nafuta vidakuzi vya tovuti moja tu, ile inayosumbua, na nyingine naziacha zilale.

Na wale wenzenu wa intaneti ya bure je? Hao nawapenda kwa sababu wananipa cha kusimulia. Kijana mmoja alikuwa mafunzoni kwa vitendo huko Kishapu, akanipigia analalamika kwamba wachapishaji wanamdai alipie. Nikamwambia afungue ukurasa wa kupima anisomee mstari wa mtandao.

"Kijana, uko wapi sasa hivi?"

"Niko hapa mnadani, mzee. Si unasikia ng'ombe?"

"Ukurasa unasema uko Uholanzi."

Nikamwuliza huko Uholanzi madume yanauzwaje. Kumbe alikuwa ameweka ile programu inayochepusha intaneti ili bando lisiishe, na ile programu inakuzungusha ng'ambo kwanza. Mchapishaji akitazama anamwona mtu wa Ulaya asiye na chuo, anasema huyu alipe. Kwa kutafuta intaneti ya bure alikuwa amepoteza majarida ya bure. Aliizima, akarudi Kishapu, akasoma. Mpaka leo tukikutana namwita Mholanzi, na anaitika.

Lakini nisiwadanganye kwamba ukurasa wa kupima haukosei. Kuna siku uliamka ukamwambia kila mtu saa yake si sahihi, mstari mwekundu chuo kizima. Nilizunguka na saa yangu ya simu kompyuta hadi kompyuta, zote ziko sawa. Baadaye ikajulikana kwamba saa iliyoharibika ilikuwa ya kwao wenyewe huko huko ulikotengenezwa. Tangu siku ile mstari wa saa nikawa siuheshimu sana. Ukiwaka mwekundu, nilikuwa nauangalia kwa jicho la pembeni na kuendelea na mambo mengine.

Sasa niwaeleze habari ya Nyamizi, kwa sababu ndiyo niliyotaka kuieleza tangu nilipoketi.

Nyamizi ni binti wa Ushirombo, nesi katika kituo cha afya karibu na Katoro. Alikuwa anasoma nasi huku akiwa kazini, kwa ruhusa ya mwajiri wake, na alibakiza ripoti ya utafiti tu amalize. Utafiti wake ulihusu zebaki. Mnajua kule mialoni, yaani kwenye viwanja vya kuchenjulia dhahabu, wachimbaji wanavyosaga mawe, wanachanganya na zebaki ishike dhahabu, kisha wanachoma lile donge ili zebaki iondoke kwa moshi. Nyamizi aliona akina mama wanaokuja kliniki wana dalili asizozielewa, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, akawaza huenda uchomaji unafanyika karibu nao kuliko wanavyosema. Msimamizi wake alilipenda wazo lakini akaikataa rasimu. Alimwambia amejaza maneno ya kuokota mtandaoni, aende akasome tafiti zenyewe, arudishe ripoti Ijumaa kabla ya adhuhuri. Ikipita hapo atarudia mwaka, na mwajiri alishamwambia wazi kwamba ruhusa ya mwaka mwingine haipo. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa au basi.

Simu yake kubwa ilikuwa imeingia maji, alibaki na kitochi cha kupigia tu, kisicho na intaneti. Kompyuta aliyokuwa akiitumia ilikuwa ya steshenari ya Mzee Masanja pale Katoro, mzee aliyeuza madaftari, akapiga chapa na kudurufu vyeti vya watu. Steshenari nyingine zilikuwepo, lakini huko unasimamiwa kichwani na watu wanaosubiri zamu. Mzee Masanja alimwachia akae muda wote anaotaka, kwa sababu Nyamizi ndiye aliyemzalisha mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, siku ambayo mambo yalikuwa magumu.

Alinipigia mwanzoni mwa wiki ile.

"Shikamoo Baba Kulwa. Naingia kwenye ukurasa wa chuo vizuri, unanikubali. Nikienda kwa mchapishaji ananirudisha mwanzo. Naingia tena, ananirudisha tena."

"Marahaba. Fungua ukurasa wa kupima."

Akaufungua. Vidakuzi kijani. Kivinjari kijani. Mtandao kijani, Tanzania, hakuna Uholanzi. Saa ya mashine, nyekundu.

"Saa hiyo umeilinganisha?"

"Nimeilinganisha na redio ya Mzee. Redio imetaja saa nne na mashine nayo iko nne. Tarehe pia ni ya leo."

Basi, nikasema moyoni, ukurasa umeanza tena uongo wake. Tukahangaika na mengine yote. Tulifuta vidakuzi vya tovuti ile, tukabadilisha kivinjari, tukayaruhusu madirisha yanayojitokeza. Nilimtumia makala mbili tatu kwa barua pepe, lakini utafiti hauendi hivyo, makala moja inakutajia nyingine, na mtu hajui anachokitafuta mpaka akione. Halafu hata ripoti yenyewe ilitakiwa ipakiwe kupitia mlango ule ule wa chuo. Siku iliyofuata alipiga tena, na safari hii sauti yake haikuwa ya kulalamika. Alisema tu, "Baba, nadhani niache," kwa utulivu ulionitisha kuliko kama angelia.

Niliomba ruhusa ya siku moja nikaenda Katoro, kupitia Kahama na Ushirombo. Wenzangu waliniona nimezidisha. Labda. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu, na nilichukia wazo la kuondoka nimeshindwa na mlango mmoja.

Nilimkuta Mzee Masanja ameketi nje ya duka lake, bodaboda zinapita mbele yake na vumbi lake, yeye hana habari. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa kirefu, akaniagizia chai kabla sijaeleza lililonileta. Nyamizi alikuwa ndani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kompyuta ilikuwa ya mezani, ya zamani, iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa.

Nilitaka kukaa. Kiti kilikuwa wazi na vidole viliniwasha. Nikaweka mikono mgongoni.

"Mzee, naomba unionyeshe unavyoiwasha asubuhi, kama mimi sipo."

"Mbona imeshawaka hiyo."

"Izime, tafadhali, uanze mwanzo."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mtu wa serikali, lakini akaizima hadi kwenye swichi ya ukutani, akaiwasha. Ilipoamka ikaonyesha tarehe ya zamani sana. Akanieleza kwamba betri yake ya ndani ilikufa na kishikio chake kikavunjika, hata ukiweka mpya haikai, kwa hiyo umeme ukikatika mashine inasahau kila kitu na lazima aikumbushe. Akaandika tarehe, sahihi. Kisha akavuta mkono wa shati, akaangalia saa yake ya mkononi, akaandika saa.

Niliinama nikaitazama ile saa ya mkononi. Tulikuwa asubuhi, imegonga saa nne na kidogo. Simu yangu ilisema kumi na kidogo, kama simu zote. Mshale mfupi wa Mzee Masanja ulikuwa umetulia kwenye nne. Na kwenye kioo cha kompyuta alikuwa ameandika nne.

"Mzee, saa yako nani aliiweka hivi?"

"Mimi. Na baba yangu aliiweka hivi yake. Nikisema saa nne, mshale uko kwenye nne. Ninyi mnasema saa nne mshale ukiwa kwenye kumi, halafu mnamwambia binti wa watu kwenye simu kwamba mimi ndiye mwenye kosa."

Nikaangalia tena simu yangu, kisha kioo cha kompyuta.

"Lakini kompyuta huwa inajirekebisha yenyewe ikipata mtandao," nikasema.

"Ilikuwa inaniharibia saa kila mara. Nikaizuia."

Nyamizi alikuwa ameketi anatazama kile kioo, akaanza kucheka polepole huku anajishika paji la uso. Yeye nesi, kazini anaandika saa za dawa kwa mtindo wa hospitali wa saa ishirini na nne kila siku, na ile nne ilikuwa imemkodolea macho siku zote hizo. Lakini nje ya wodi kila mtu alikuwa akisema saa nne, redio ilisema nne, kioo kilisema nne. Nani angesimama kushangaa?

Nikamweleza Mzee Masanja taratibu. Ukiingia kupitia chuo, unapewa kibali cha kwenda kwa mchapishaji. Kibali kina saa ya kuanza na saa ya kuisha. Kivinjari kinatazama saa ya mashine yako, kinaona kibali kitaanza saa kumi kwa hesabu yao, wakati kwake ile nne ni alfajiri bado, kinasema hiki hakijaanza kutumika, rudi. Ingekuwa tarehe imekosewa kabisa, kivinjari kingepiga kelele na tungejua. Saa chache hazimshtui mtu, zinakurudisha nyuma kimya kimya.

"Kwa hiyo hao wa tovuti wanataka mashine yangu idanganye," akasema.

"Wanataka ihesabu wanavyohesabu wao."

Akafikiri. Hakupenda, na hakuficha kwamba hapendi. Wateja wake walikuwa wakisoma saa kwenye kioo kile wakisubiri kazi zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. "Leo tu," akasema mwisho. "Akimaliza kusoma nairudisha."

Nikamwachia Nyamizi aibadilishe mwenyewe. Ukurasa wa kupima ukawa kijani juu mpaka chini. Akaingia chuoni, akaenda kwa mchapishaji, tukasubiri wote watatu. Makala ikafunguka yote, kurasa zote, na majedwali yake. Alishusha pumzi ndefu na macho yakamjaa machozi, na mimi nikatoka nje nikasingizia chai. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti cha mfanyakazi bora.

Alisoma mfululizo, akiandika pembeni, akiruka kutoka makala moja kwenda nyingine. Mchana mkwewe Mzee Masanja akaja na chakula, mtoto mgongoni. Mzee akanawa, na kabla hajagusa ugali akauliza kutoka pale alipokaa.

"Haya Nyamizi, inasema nini hiyo iliyonipotezea saa yangu?"

Nyamizi akamweleza kwa Kiswahili cha kawaida, na mahali pengine kwa Kisukuma ili mzee aelewe vizuri. Kwamba ule moshi hauishi donge likishaiva. Unashika ukuta, unashika nguo na blanketi, unaendelea kutoka kidogo kidogo siku nyingi. Kwamba mtoto mchanga ndiye anayeumia mwanzo, kwa sababu yuko chini, yuko karibu, na mwili wake mdogo. Kwamba asiyechoma ila analala nyumba hiyo naye anavuta.

Mkwe alikuwa ameshika birika la maji ya kunawa. Akaliweka chini.

"Sisi tunachomea jikoni," akasema, akimtazama baba mkwe kwa woga kidogo. "Kwenye jiko lile lile la mboga. Baba Shija anasema nje upepo unampeperushia dhahabu."

Baba Shija ni huyo mwana mkubwa, mume wake. Nyamizi akamshusha mtoto mgongoni, akamtazama macho, akamshika vidole, akamwambia mama yake kesho amlete kituoni asikose, na mume aje pia. Alizungumza kinesi, bila kumtisha mtu. Mzee Masanja aliufunika ugali wake, akasimama, akaondoka na mkwewe. Duka alituachia wazi.

Aliporudi alikuwa amebeba jiko la mkaa na kikaango kidogo cheusi. Akavipeleka uwanjani nyuma, mbali na nyumba, akanawa mikono kwa sabuni kwa muda mrefu, kisha akaketi mahali pake nje. Nilipoaga nilitaka kumwomba asiirudishe saa mpaka Ijumaa ipite, lakini nilimwona uso wake nikaacha. Alishanikubalia siku moja, na ilikuwa mashine yake. Nikamshukuru tu kwa Kisukuma, "Wabeja, Mzee," akaniitikia, nikapanda gari.

Nawaambia ukweli, Ijumaa ile asubuhi sikufanya kazi ya maana. Nilipanga vitabu vilivyokuwa vimepangwa tayari. Saa zikasogea. Simu ilipoita nikaona ni namba ya Mzee Masanja, si ya Nyamizi.

"Mwangaluka, Baba Kulwa."

"Mwangaluka, Mzee. Kuna shida?"

"Umeme ulikatika alfajiri. Umerudi sasa hivi. Mashine imesahau kila kitu."

Niliangalia ukutani. Muda ulikuwa umebaki kidogo. "Mzee, naomba usiguse kitu. Mpe Nyamizi simu nimwelekeze."

"Nyamizi yuko hapa anatuma. Nimemfungulia ule ukurasa wako kwanza. Mistari yote ya kijani, nimeipitia mmoja mmoja kwa kidole." Nikamsikia Nyamizi nyuma yake akisema imepokelewa, akirudia, imepokelewa.

"Saa aliiweka nani, Mzee?"

"Mimi. Nimeiandikia ile yao. Hii ya kwangu nimeivua kwanza nikaitia mfukoni, isije ikanibishia."